Mlango wa Pinfold Row

Nimepewa siku nne, mtungi wa gesi, kisu cha kukwangulia,
na agizo la Bwana Darren: kijivu chote kitoke,
ipakwe nyeupe, Ijumaa wapangaji waingie.
Watauza kahawa. Mtaa wote sasa ni kahawa,
kucha za bandia, na simu zilizofufuliwa.

Nje, Leicester: mvua isiyoamua.

"Pinfold ni zizi," ananiambia Ivor Tansley,
tarishi mstaafu, akinishikia ngazi bila kuombwa.
Zizi la ng'ombe waliopotea; walifungiwa papa hapa
hadi mwenyewe aje na faini mkononi.
Kumbe mtaa ulianza kwa deni, nasema.
"Na utaishia humo," anajibu, akipenga kamasi.

Kwenye tundu la ufunguo rangi imebanduka,
kovu la ukubwa wa shilingi,
na ndani yake duara kwa duara, kitunguu kilichokatwa.
Nasoma kwa kucha.
Chini kabisa mwaloni mtupu, umelainishwa na viganja vya wafuma soksi.
Halafu kijani cha muuza chai, kizito kama makapi ya birika.
Halafu nyeusi, mkono mmoja tu, mwembamba:
nani alikufa, hata mlango ukakaa eda?
Halafu kahawia. Ivor anaijua. Ya vita,
rangi ya mabehewa, hapakuwa na nyingine,
na Bi Winifred Orme akiuza kofia nyuma ya karatasi nyeusi,
akipima vichwa kwa shibiri, gizani.
"Hakukosea hata kichwa kimoja."
Halafu nyekundu, ya duka la wanasesere,
ambako Ivor, miaka kumi na mmoja,
alilitazama gari-moshi la bati majuma sita
mpaka siku aliyokuta nafasi yake tupu
na vumbi lenye umbo lake.
Hadi leo hataki kujua nani alilinunua.

Juu yake zambarau.
Zambarau! Nani alithubutu, katika mji wa matofali na masizi?

Jumatano nawasha moto, napanda hadi kwenye linta.
Kijivu kinavimba, kinajikunja kama utando wa maziwa.
Bluu ya wacheza kamari inafuata, inanuka.
Kisha zambarau, na juu ya zambarau
herufi za njano, za mkono usiozoea brashi.
M. K. O.
Jina la mtu, nadhani.
P. O.
Kisu kinasita.
MKOPO KESHO.

Mimi, mtoto wa Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga,
niliyetumwa chumvi dukani nikayasoma maneno hayo
kabla ya kusoma jina langu,
nimesimama juu ya ngazi ya watu, mdomo wazi.

"Raichura," anasema Ivor. "Kutoka Jinja. Baridi ya sabini na mbili,
koti la kupewa, mikono yake imemeza vidole.
Vitambaa, sufuria, bizari. Sisi tulidhani ni dua."
Alikuwa mkali wa mkopo? nauliza.
"Mkopo? Mtaa mzima ulikula kwenye daftari lake.
Mapazia yetu ya arusi, Doreen na mimi, tulilipa miaka mitatu."

Basi alimwandikia nani?
Waliopita chini yake hawakujua kulisoma katazo,
naye hakujua kukataa.
Mtu hachori mzaha ausikie peke yake.
Nikacheka. Cheko la miaka hamsini, limefika kwa posta ya polepole,
na tarishi mstaafu akacheka nami bila kuambiwa kwa nini,
ngazi ikatikisika.

Sikukwangua. Nilizima moto,
nikapaka nyeupe juu yake, mikono miwili, taratibu,
kama mtu anayemfunika aliyelala.
Ukipanda kiti ukapitisha kiganja utazipata herufi,
zimejitokeza kidogo, kama mishipa.

Wameshafungua. Msichana wa kaunta, Imogen,
ananiambia kikombe cha leo ni bure,
kwa ajili ya kazi nzuri ya mlango.
Natazama juu. Hapana, namwambia,
na ninahesabu sarafu, moja moja, mbele yake.